Mwaka Nilioivua Darubini

Mazishi ya Mzee Mbonde sikuyawahi. Habari ilinifikia Rasbura, Lindi, nikiwa kitandani na homa, na mtu wa umri wangu akiambiwa ainuke, huomba kwanza ruhusa kwa magoti. Nilikwenda Kinjumbi kwenye arobaini yake, nikiwa nimechoka kabla sijafunga mlango wa nyumba yangu. Namshukuru Mola aliyenipa pumzi ya kufika, kwa maana wenzangu wengi wa mwaka huu ninaousimulia hawakupewa. Mbele ya nyumba ya msiba watoto walikuwa wanacheza mpira. Mmoja akapiga, mpira ukapita mbali na goli, wenzake wakamzomea: "Kapiga Kimbonde! Kapiga Kimbonde!" Mwanamke akatoka jikoni na upawa mkononi akawaambia wafunge midomo, leo ni arobaini ya mwenye jina. Watoto wakatazamana. Sidhani walikuwa wanajua kwamba neno lile lilikuwa na mwenyewe, mtu aliyekuwa na mikono na macho na bunduki, na kwamba kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwona akikosa. Ukikosa goli Kinjumbi umepiga Kimbonde. Ukitupa jiwe kwenye embe ukalipata jani, umepiga Kimbonde. Nimelisikia neno hilo mara nyingi maishani mwangu, na kila mara nimeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kiatu.

Asubuhi hiyo, kabla ya hitima kuanza, Hamisi alinichukua kunionyesha kituo. Hamisi ni mjukuu wa marehemu, naye ni askari wa wanyamapori kama babu yake alivyokuwa. Kituo ni kilekile, ila sasa kina bati jipya na sakafu ya saruji. Alifungua stoo, akatoa bunduki, akahakikisha haina risasi, akanionyesha kidude kidogo cheusi kilichobanwa chini ya mtutu. "Hii ni leza, Babu," akasema. Akabonyeza, na nukta nyekundu ikatokea ukutani, karibu na kalenda. "Nukta ilipo ndipo risasi inapokwenda. Hapa hakuna kukosea." Nikamuuliza kama huwa anaivua. Akasema naam, huivua akisafiri isije ikagongwagongwa, akifika anaichomeka mahali pake. Nikamuuliza, akishaichomeka, hupiga karatasi kwanza? Akacheka kwa adabu, kama tunavyochekwa wazee. "Babu, hii siyo kama zile za zamani. Inakaa palepale ilipokuwa." Nikatafuta pa kukaa. Palikuwa na sanduku, nikakaa juu yake. Nikamwambia nina neno kuhusu kitu hicho, lakini neno lenyewe si lake peke yake, tungoje watu wamalize kula, kisha nitalisema.

Nilifika kwenye kituo kile nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimesoma chuoni, nimehitimu juzuu zangu, najua kuandika kwa hati nzuri, na kwa sababu ya hati hiyo nikaajiriwa kutunza stoo. Bwana Nyama wa kituo alikuwa Mzee Mbonde. Siku hizo kila askari wa wanyamapori tulimwita hivyo, Bwana Nyama, hata kama hali nyama ya porini. Nilipewa chumba cha uani kilichopakana na chumba chake na mkewe, Mama Zaituni, ukuta wa udongo katikati, na chakula nilikula kwao. Nakumbuka zaidi ya yote harufu ya stoo ile: mafuta ya bunduki, magunia, na mchele uliokaangwa. Mchele ulikuwa wa darubini ya kulengea, ile inayofungwa juu ya bunduki. Pwani hii hewa ina chumvi na unyevu, na kioo kikifungiwa mahali penye joto huota ukungu kwa ndani, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, na ukishaota hautoki. Darubini ya kwanza ya kituo ilikuwa imekufa hivyo. Basi Mzee Mbonde alikuwa akimwomba mkewe akaange vibaba viwili vya mchele mpaka ukauke kabisa, anaufunga kwenye kitambaa, anauweka ndani ya debe pamoja na bunduki iliyokaa wima, mdomo wa debe amezungushia gunia. Kila Ijumaa mchele ule ulitolewa, ukaliwa na kuku, ukakaangwa mwingine. Mama Zaituni alikuwa akisema, "Kuku wangu hawa wana macho makali kuliko nyie."

Mwezi wangu wa pili kazini tulikwenda Kilwa kuchagua darubini mpya. Mkuu wetu alikuwa ametuandikia barua kwa Bwana Gulamu, mwenye duka la Kihindi lililouza kila kitu kuanzia sindano. Bwana Gulamu alituwekea mbili juu ya kaunta. Moja ilikuwa ndefu, inang'aa, ina pete ya kuzungusha ili kuvuta mbali zaidi. Ya pili ilikuwa fupi, nyeusi, nzito kwa umbo lake, haina pete ya kuzungusha. "Chukua hii kubwa, Mzee Mbonde," akasema Bwana Gulamu. "Unahesabu kope za mnyama." Mzee Mbonde akasema, "Kope zake nizifanyie nini?" "Serikali inalipa, bwana. Wewe unaogopa nini?" "Naogopa mkono wangu. Kinachovuta mnyama kinavuta na mtetemeko." Akazichukua zote mbili, moja baada ya nyingine, lakini hakutazama barabarani kwenye jua kama nilivyotarajia. Aligeuka akatazama ndani, kona ya giza nyuma ya magunia ya sukari. Akatikisa kichwa chake kidogo kushoto na kulia huku jicho likiwa kwenye kioo, aone kama nyuzi za kulengea zilizo ndani zinahamahama juu ya kile anachokitazama. Akazipima uzito kwenye kiganja. Akachagua fupi. Bwana Gulamu akatikisa kichwa akasema, "Wewe mtu wa ajabu, unakuja dukani kwangu kutazama giza," na Mzee Mbonde akamjibu kwamba mchana mweupe hata chupa ya soda huonyesha vizuri.

Kuifunga juu ya bunduki kulituchukua siku nzima. Alinifundisha kukaza skrubu kidogo kidogo, hii kisha ile ya upande wa pili, kamwe si moja mpaka mwisho. Alinifundisha kupuliza vumbi kabla ya kufuta, kwa sababu mchanga ukifutwa unakuwa msasa, na kufuta kwa kipande cha kanzu kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika, kioo kisiguswe na mafuta ya nazi wala kidole. Kisha tukaenda bondeni, tukatundika karatasi kwenye boksi, akapiga, akageuza kifundo cha darubini kwa sarafu ili kusogeza shabaha, akapiga tena, mpaka matundu matatu yakafunikwa na kiganja changu. Hapo ndipo alipochukua kikopo cha rangi nyekundu ya mafuta, akachovya njiti, akaweka nukta juu ya kila skrubu, nusu kwenye skrubu na nusu kwenye chuma, ili skrubu ikisogea hata unywele nukta ikatike. Akaniambia, "Hii ni saini yangu. Hii nukta inasema, mimi Mbonde nimepiga karatasi na bunduki inasema kweli. Haiwekwi kabla." Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, na hilo ndilo linalonichosha mpaka leo, kwa sababu mtu aliyeelewa hawezi kutubu kwa kisingizio cha ujinga.

Mwaka ule mpunga ulistawi na viboko wakatoka mtoni kuula. Mmoja hasa, dume lenye kovu shingoni, alikuwa akimaliza jaruba zima kwa usiku mmoja. Ramadhani ilitukuta katika hali hiyo, watu wamefunga mchana na wanakesha kwenye madungu ya kulindia mpunga wakipiga madebe. Kwenye futari mazungumzo yalikuwa ya kiboko tu. Nawakumbuka wamekaa kwenye jamvi la Mama Zaituni, mihogo ya nazi katikati, tambi, uji wa pilipili manga, kila mtu akimtazama Mzee Mbonde kama anayetazama mfuko wa mtu. Bi Somoe, aliyekuwa na jaruba karibu na mto kuliko wote, mwanamke mjane wa miaka thelathini hivi mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akipita kuchukua moto akasema kwa sauti ya kusikika, "Bwana Nyama wetu anakula futari, na bwana nyama wa mtoni anakula mpunga wangu. Sijui nani kati yao ataniachia mbegu." Mzee Mbonde akacheka mpaka akapaliwa. Akamwambia kiboko hupigwa kichwani tu, na kichwa chenyewe juu ya maji ni masikio na macho, kwa hiyo anangoja siku mnyama atakapobaki kwenye bwawa mchana, ampige kwa darubini, risasi moja. "Nikikupa ahadi, Somoe, lala." "Nitalala," akasema.

Siku ya ishirini na nane Mzee Mbonde aliitwa Kilwa kupeleka taarifa. Aliniachia funguo na amri moja: bunduki isitoke stoo mpaka arudi. Siku ya ishirini na tisa, baada ya alasiri, alikuja Maalim Issa, aliyekuwa akisalisha msikiti wetu na aliyenifundisha mimi nusu ya ninachokijua. Redio yake ilikuwa imekufa betri. Mbingu upande wa magharibi, juu ya vilima vya Umatumbi, ilikuwa na utandu mzito wa mawingu. Watu walikuwa wamechoka, alisema, na ikiwa mwezi upo nao hawakuuona, watafunga siku ambayo si yao. "Ile darubini yenu," akasema. Nikamwambia bunduki haitoki. Akasema, "Sikuomba bunduki, mwanangu. Na hata ungenipa, nisingeuelekezea mwezi wa Idi mtutu." Nami nililiona jambo hilo hivyohivyo. Lilionekana kuwa tendo la heshima kwa pande zote: amri inalindwa, bunduki iko stoo, na mwezi hautazamwi kupitia kitu cha kuua. Nikachukua bisibisi. Nilipogeuza skrubu ya kwanza nukta nyekundu ilikatika, kipande kikanidondokea kwenye kucha.

Tulipanda kilima kidogo nyuma ya kituo, sisi wawili. Wengine walikuwa uwanjani wakitazama utandu. Jua lilipozama nikaanza kutafuta kwa kioo, polepole, toka kusini kwenda kaskazini, na nikauona, mwembamba kama kipande cha ukucha, kwenye mwanya wa mawingu juu kidogo ya vilima. Nikampa Maalim. Akatazama, kisha akaishusha darubini haraka. "Kijana, humu ndani mna msalaba." "Ni nyuzi za kulengea, Maalim." "Naona ni nyuzi. Lakini nimeuona mwezi umekaa juu ya msalaba." Akatazama tena, akavuta uradi. Na baada ya hapo, tulipokwisha kujua pa kutazama, tuliuona wote wawili kwa macho matupu, muda wa kusoma Fatiha mbili au tatu, ukazama. Tukiwa tunashuka akanishika mkono. "Tumeuona kwa macho yetu, na huo ndio ushahidi. Habari ya kioo iache hapa juu. Nikiitaja leo, kesho hakuna Idi, kuna ugomvi. Wengine watasema kioo si jicho, na ukiwaambia la nyuzi, nitaonekana nimewafungulisha watu kwa msalaba. Sitiri, mwanangu." Nikasema nimesitiri. Tukatoa ushahidi msikitini, watu wakatushukuru, na kijiji chetu kikaswali Idi. Wenzetu wa ng'ambo ya mto hawakutuamini, wakakamilisha thelathini.

Nilirudi stoo na kandili. Niliifunga darubini ilipokuwa, nikakaza skrubu moja moja kama nilivyofundishwa, mpaka nusu za nukta zikakutana. Ilikaa vizuri. Kwa jicho langu haikusogea kabisa. Risasi za kupigia karatasi zilikuwa kwenye kisanduku cha Mzee Mbonde, na ili nimwombe ningelazimika kumweleza kwa nini, na kumweleza kwa nini ni kuvunja ahadi ya Maalim. Nilijiambia, baada ya Idi nitamwambia kwamba skrubu zimelegea. Lakini nukta zilikuwa zimekatika, na angeziona asubuhi. Basi nikafungua kikopo cha rangi. Siku ile nilitoa ushahidi mara mbili, mmoja mbele ya watu, wa kweli, na mmoja peke yangu, kwa njiti ya kiberiti.

Mzee Mbonde alifika asubuhi ya Idi kwa lori, akawahi swala. Tulikuwa tunakula pilau kwake, bado mikono ina mafuta, alipokuja mtu mbio kusema dume lenye kovu limebaki bwawani, karibu na jaruba la Bi Somoe, na maji yanapungua. Mzee Mbonde akanawa. Nilimfuata stoo. Nilimwona anaichukua bunduki, anaigeuza kwenye mwanga wa mlango, anapitisha kidole gumba juu ya nukta moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima. Hapo ndipo neno langu lilipotakiwa kutoka. Lilifika mpaka kwenye meno. Akasema, "Haya, twende tukampe Somoe usingizi wake," nami nikabeba mfuko wa risasi.

Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kwenye tuta na kanzu na leso mpya. Kiboko alikuwa hatua themanini hivi, masikio na macho juu ya maji. Mzee Mbonde alilala kifudifudi, akaegemeza bunduki kwenye gunia la mchanga, akakaa kimya muda mrefu, akapiga. Maji yakaruka, mnyama akazama. Watu wakapiga vigelegele. Kiboko akifa majini huzama kwanza, kisha baada ya saa moja au zaidi huibuka na kuelea, kwa hiyo kuzama kwake hakukuwa kitu. Mzee Mbonde akasema kila mtu abaki juu mpaka aelee. Tukangoja. Saa ikapita, na nyingine ikaanza. Yeye alikuwa ameacha kuzungumza. Bi Somoe akasema hawezi kusimama kutwa nzima, ndege wanamlia mpunga upande wa pili, na Mzee Mbonde alipomkataza, alimjibu kwa mzaha ambao nimeubeba mpaka leo: "Umenipa ahadi nilale, sasa unanikeshesha? Mbonde akipiga, kimelala." Akashuka kwa njia ya matete, akizunguka mbali na bwawa. Mnyama hakuwa bwawani. Alikuwa kwenye matete, taya limevunjika, na alimkamata mguu juu ya goti.

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka barabarani, wanaume sita tukipokezana, tukimngojea mwenye gari. Tulikuwa tumefika kwenye mikorosho niliposikia mlio wa bunduki kutoka bondeni. Kisha kimya. Kisha mwingine. Kisha, baada ya muda wa kutembea kwenda na kurudi, wa tatu. Waliokuwa nami walisema anamalizwa mnyama. Mimi nilijua milio ile. Mzee Mbonde alikuwa anapiga karatasi. Baadaye nililiona boksi lenyewe limetupwa nyuma ya stoo, matundu matatu pamoja, kiganja kizima kulia kwa alama. Ndipo alipoivua darubini, akaingia kwenye matete kwa bunduki isiyo na darubini, akammaliza yule dume kwa hatua kumi.

Mguu wa Bi Somoe ulipona kwa namna yake, mfupi na mkavu, haukunjiki. Mkuu wetu alikuja kufanya uchunguzi barazani kwetu. Aliuliza: "Bunduki ilikuwa sawa?" Mzee Mbonde akajibu: "Bunduki niliipokea mimi, nikaikagua mimi." "Nauliza, ilikuwa sawa?" "Nilipiga vibaya, bwana mkubwa." Mimi ndiye nilikuwa naandika maneno hayo, kwa hati yangu nzuri. Ikaandikwa kwamba macho yake yamechoka, na kwamba aende Kilwa akakae kwenye stoo kuu bila bunduki. Jioni ile kabla ya magharibi nilikuwa chumbani kwangu nikamsikia Mama Zaituni ukutani. "Wewe macho yako mazima. Kwa nini usiseme imeguswa?" Mzee Mbonde akajibu, "Nikisema, yule atatoka hapa na nini? Ana miaka ishirini na mmoja." "Na wewe unatoka na nini?" "Mimi nina miaka kumi na tisa ya kupiga. Mtu hali akiba yake yote." Nilikaa kitandani na viatu mkononi. Kulikuwa na hatua tano kutoka mlango wangu mpaka wake.

Nilimwambia siku ya kuhama kwao, njiani, nimebeba sanduku lake kichwani, kwa sababu mtu aliyebeba mzigo kichwani hawezi kutazamwa usoni. Nilimweleza skrubu, rangi, mwezi, Maalim. Hakusimama. Akasema, "Nukta zako ni kubwa. Mimi nachovya njiti upande mwembamba. Nilizipapasa tu kwa kidole, sikuzitazama vizuri. Hapo na mimi nilikosa." Kisha tulipokaribia barabara akasema, "Mimi umeniambia, na mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wale," akaonyesha kwa kidevu nyuma, kijijini. Hakulirudia tena jambo hilo mpaka alipokufa, ingawa nilimtembelea mara nyingi na tulikula pamoja.

Sikuwaambia wale. Kwanza kulikuwa na ahadi ya Maalim, na watu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba Idi ile ilikuwa ya uongo, kwamba tumewalisha mchana wa Ramadhani, na kilichompata Bi Somoe ni adhabu. Maalim alifariki masika yaliyofuata akiwa na huzuni hiyo. Kisha nikaenda Lindi kusoma zaidi, na nikaitwa mwalimu, na baadaye shehe. Nimefundisha mlango wa ushahidi kwa vijana wengi na nimewaeleza tofauti ya kusitiri aibu ya mwenzako na kuficha haki yake. Woga wangu niliuita sitara kwa miaka hiyo yote. Namshukuru Mungu kwa subira Yake juu yangu, lakini subira ya Mungu si hoja ya kumwonyesha mtu mwenye mguu mmoja mfupi.

Hitima ilipokwisha na sahani zikaondolewa, niliomba kusema. Nilisimama, nikaona nitashindwa, nikaomba kiti. Nililisema lote, bila kupunguza, kama nilivyoliandika hapa. Nilisema Mzee Mbonde hakukosa. Alilenga sawasawa na bunduki ilikuwa imedanganywa na mimi. Wengi wa waliokuwa pale walikuwa hawajazaliwa wakati huo. Mzee mmoja akasema, "Shehe, haya si ya zamani?" kwa sauti ya mtu anayetaka kunisaidia kukaa. Hamisi alikuwa amesimama kwenye nguzo. Akatoka nje, na kupitia dirishani nikamwona anaelekea kituoni kwa haraka. Baadaye tulisikia mlio bondeni, kimya, kisha mwingine.

Zaituni, binti wa marehemu, alikuja kuniambia naitwa upande wa wanawake. Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, mguu umenyooshwa mbele kama mchi. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Somoe." "Marahaba. Kaa." Nikakaa chini kwenye jamvi. "Habari ya bunduki nimeisikia. Mguu nimeshauzoea, umekuwa mwenzangu. Mimi nakuuliza la mwezi. Mliuona, hamkuuona?"

"Tuliuona."

"Kwa kioo."

"Kwanza kwa kioo. Kisha kwa macho haya, mimi na Maalim, mpaka ukazama."

"Wallahi?"

"Wallahi, Bi Somoe."

"Nilikula pilau asubuhi ile," akasema. "Nikasema, nimekula mchana wa Ramadhani, ndiyo maana. Nikawa nailipa siku ile. Nikiilipa moyo unaniambia haijapokewa, mwaka unaofuata nailipa tena." Akanitazama. "Na wewe ulikuwa unajua watu tunasema hivyo?"

"Nilikuwa najua."

"Na leo nimefunga," akasema. "Nikaona, arobaini ya Mbonde, ni siku nzuri ya kuilipa."

Ilikuwa saa saba unusu mchana, jua kali uani, wanawake wanaosha masufuria. Bi Somoe aligeuza kichwa akaita, "Zaituni. Pilau imebaki?" Zaituni akasema imebaki. "Niletee. Na maji ya kunawa." Likaletwa beseni. Nikalishika mimi, nikammiminia maji mikononi. Akasema bismillahi, akala polepole, bila kunitazama, tonge baada ya tonge, na mimi nikakaa pale na beseni mapajani mpaka alipomaliza sahani.